Memori ya kerneli ikiisha na mashine ikaanguka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mtu akiwa na mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi halafu jioni inaganda, au seva inayojirestati yenyewe kila baada ya siku kadhaa bila sababu ya kueleweka. Mengi ni ya Windows na Linux, mwishoni kuna FreeBSD na Mac kidogo. Kama una haraka na uko Windows ruka hadi swali la 9, Linux ruka hadi la 15.

## Mambo ya mwanzo

1. Memori ya kerneli ndio nini? Si RAM ni RAM tu?

RAM ni hiyo hiyo moja, tofauti ni nani anaitumia. Chrome, Excel, magemu na kadhalika kila moja ina jina lake kwenye Task Manager, ikila sana unaiona na unaifunga. Kerneli, yaani lile tabaka la ndani linaloongea na diski, kadi ya mtandao, grafiki na vifaa vingine, nayo inahitaji memori yake kwa ajili ya kumbukumbu za mafaili yaliyofunguliwa, pakiti za mtandao zinazosubiri, ramani za kurasa za memori (vipande vidogo memori inavyogawanywa), na chochote ambacho draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, zimeomba. Hiyo memori haina programu ya kubebeshwa lawama kwenye orodha, ndio maana mtu anajumlisha safu nzima anapata GB 3 wakati juu pameandikwa GB 7.4 zimetumika, anabaki kukuna kichwa.

Windows inaigawa mafungu mawili: "Paged pool", ambayo ikibanwa inaweza kusukumwa diski, na "Non-paged pool", ambayo haitoki kwenye RAM hata iweje kwa sababu draiva zinaihitaji katika nyakati ambazo haziruhusiwi kabisa kusubiri diski. Linux yenyewe haipeleki memori ya kerneli kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) hata kidogo, kwa hiyo usidanganyike kwamba una swapu ya GB 8 basi uko salama.

2. Kwa nini ianguke mashine nzima, isife programu moja tu?

Programu ikinyimwa memori inafungwa na wengine wanaendelea na maisha. Kerneli ikinyimwa hakuna aliye juu yake wa kuifunga. Draiva iliyoandikwa kwa akili ikiambiwa memori hakuna inarudisha kosa na kutulia, ila iliyoandikwa kwa haraka haiangalii hata jibu, inaenda kuandika kwenye anwani ya sifuri na hapo hapo skrini ya bluu, au panic, yaani kerneli ya Linux au Mac kusimama kabisa.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: draiva inayotajwa kwenye skrini ya bluu mara nyingi sio iliyomaliza memori, ni ile iliyofika ikakuta hakuna. Ni kama kwenye shughuli, aliyebeba sahani kumi na tano yuko zamani mezani anakula, anayegombana na wapishi ni yule wa mwisho kwenye foleni aliyekosa. Kwa hiyo ukiona jina la draiva kwenye skrini usikimbilie kuifuta, pima kwanza.

3. Dalili zake zikoje?

Zinakuja polepole, na hiyo ndio alama kubwa. Windows utaona folda za mtandao zinaanza kukataa kufunguka, Remote Desktop haiingii, printa inagoma, au ujumbe "Insufficient system resources exist to complete the requested service", yaani kosa namba 1450. Kwenye Event Viewer upande wa System tafuta tukio namba 2019 (non-paged imeisha) na 2020 (paged imeisha), chanzo kimeandikwa Srv. Ukiyakuta hayo huna haja ya kubishana na mtu.

Linux utaona ssh inakubali kuunganisha lakini haifiki kwenye shell, programu ndogo zisizo na hatia zinauawa, na `dmesg` (logi ya kerneli) inajaa "page allocation failure".

Ukirestati inapona kabisa, halafu inarudi baada ya muda unaofanana na wa mara ya kwanza. Kama inakufa dakika mbili tu baada ya kuwaka, au leo saa moja kesho wiki nzima, hapo kuna uwezekano mkubwa ni kitu kingine, soma swali la 5.

4. Nikiongeza RAM si itaisha?

Itachelewa. Tuseme draiva inavuja, yaani inaomba memori bila kuirudisha, MB 100 kwa saa, ukiongeza GB 8 umejinunulia saa 80 hivi, siku tatu na kidogo, halafu uko pale pale na hela imeenda. RAM inasaidia pale tu matumizi yanapokuwa ya halali (mfano uko swali la 19), na kwenye mifumo ya biti 32 hata haisaidii (swali la 22).

5. Nitajuaje kwamba sio umeme, joto au RAM mbovu?

Windows ikiwaka baada ya kuzimika vibaya inaandika tukio namba 41 la Kernel-Power. Watu wanalisoma kama jina la ugonjwa, kumbe linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake uangalie BugcheckCode: ikiwa 0 maana yake hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa, na kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo anza kushuku UPS, soketi na pawasaplai kabla hujagusa kerneli. Ingawa mashine iliyoganda ukaizima kwa kubonyeza kitufe nayo inaandika 0, kwa hiyo jiulize kwanza nani aliizima.

Linux endesha `journalctl -b -1 -e` uone mistari ya mwisho ya mara iliyopita (lazima folda ya /var/log/journal iwepo, la sivyo logi zinapotea ukirestati). Logi ikikatika ghafla katikati ya mambo ya kawaida, mara nyingi ni umeme au joto. RAM mbovu nayo inaleta makosa ya kila aina, leo hili kesho lile, bila mpangilio. Pigisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Memori ya kerneli kuisha ina mchoro unaopanda, hiyo ndio tofauti yake na hao wengine wote.

6. Fundi kasema nipige Windows mpya, nikubali?

Ukipiga Windows mpya halafu ukarudisha draiva ile ile, antivairasi ile ile na VPN ile ile, tatizo litarudi, na ushahidi wote umeshaufuta. Mimi naona kufomati kwa ugonjwa huu ni kukata tamaa mapema. Kazi ya swali la 9 ni nusu saa tu, na mara nyingi inakupa jina kamili la faili linalokula.

## Windows

7. Skrini ya bluu yenyewe inaandika kodi gani?

Hakuna kodi moja. 0x3F, yaani NO_MORE_SYSTEM_PTES, inahusika moja kwa moja na kerneli kuishiwa nafasi za kuelekeza memori. Nyingine zinakuja kama matokeo tu, draiva imekosa memori ikafanya ujinga, unapata kodi yoyote ile.

Usichanganye na BAD_POOL_HEADER (0x19), BAD_POOL_CALLER (0xC2) na DRIVER_CORRUPTED_EXPOOL (0xC5). Hizo zinasema memori ya kerneli *imeharibiwa*, sio imeisha. Ni ugonjwa mwingine, dawa nyingine, japo mshukiwa mara nyingi ni draiva vilevile. Na kuna mashine nyingi zinaganda tu kimya bila bluu yoyote, hizo soma swali la 14.

8. Non-paged pool ya kawaida inatakiwa iwe ngapi?

Fungua Task Manager, Performance, Memory, iko chini kabisa. Mashine ya nyumbani au ofisini mara nyingi inakaa kwenye mamia ya MB. Ikishapita GB 1 na wewe sio seva yenye shughuli nyingi, mimi ningeanza kuuliza maswali. Ila namba moja haisemi kitu, kinachosema ni mwendo wake: iandike ukishawasha, iandike baada ya saa moja, iandike jioni ukiwa na programu zile zile. Inapanda na kushuka, sawa. Inapanda tu hata ukifunga kila kitu, inavuja.

9. Nampataje anayekula?

Kwa poolmon, zana inayoonyesha nani anatumia pool. Inakuja na Windows Driver Kit ya Microsoft, kit ni kubwa kidogo lakini ukishainstoli mara moja unaweza kunakili poolmon.exe peke yake ukatembea nayo kwenye flashi. Fungua Command Prompt kama administrator, iendeshe, halafu bonyeza P mpaka safu ya Type ioneshe Nonp tu (au Paged kama ndiyo inayopanda), kisha B ili ipange kwa ukubwa, anayekula zaidi anakaa juu.

Utaona vifupi vya herufi nne, hizo ndizo tagi, kila draiva inapoomba memori inaweka tagi yake. Angalia Bytes na Diff (zilizoombwa toa zilizorudishwa). Piga picha, subiri nusu saa ukitumia mashine kama kawaida, piga nyingine. Tagi ambayo Diff yake inapanda bila kurudi ndiyo hiyo. Kuwa juu ya orodha peke yake sio kosa, wapo wakubwa wa halali ambao hawasogei.

Sasa tafuta tagi ni ya nani. Tuseme ni Abcd:

`cd C:\Windows\System32\drivers`
`findstr /m /l /s Abcd *.sys`

Itakutajia mafaili yenye hizo herufi ndani yake. Yakija mengi, bonyeza kulia kwenye faili, Properties, Details, uone kampuni iliyolitengeneza, mara nyingi moja tu sio la Microsoft na ndilo lenyewe. Tagi za Windows yenyewe zimeelezwa kwenye faili la pooltag.txt linalokuja na zana za debagi. Zingatia herufi kubwa na ndogo, "Abcd" na "abcD" ni watu wawili tofauti.

10. Tagi niliyopata ni Proc, Toke, Thre au File, na ni za Windows yenyewe. Sasa Microsoft ndio wakosaji?

Hapana, mara nyingi hapo sio draiva kabisa, ni programu ya kawaida inayofungua vitu na haifungi. Proc ni kumbukumbu za prosesi, Thre ni thredi, Toke ni vitambulisho vya usalama, File ni mafaili yaliyofunguliwa. Prosesi hata ikishakufa, kumbukumbu yake inabaki kwenye kerneli mpaka kila aliyeishikilia aachie.

Nenda Task Manager, Details, bonyeza kulia kwenye vichwa vya safu, ongeza Handles (idadi ya vitu programu ilivyofungua), panga kwa hiyo. Programu nyingi zinakaa mamia mpaka elfu chache. Ukikuta huduma moja ina 80,000 na inazidi kupanda, simamisha hiyo huduma uone kama pool inashuka. Ikishuka umemaliza, apdeti hiyo programu au wasumbue waliokuuzia.

11. Nimeona kila mahali watu wanasema zima Ndu. Nizime?

Ndu ni draiva ya Windows inayohesabu matumizi ya data ya kila programu, ipo tangu Windows 8, na imewahi kuonekana kwenye kesi nyingi za non-paged pool kujaa, hasa ikikutana na draiva fulani za kadi za mtandao. Kuizima unaenda rejistri `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\Ndu`, thamani ya Start unaitoa 2 unaweka 4, unarestati. Unachopoteza ni takwimu za nani kala bando.

Tatizo ni watu wanaikopi bila kupima, inakaa hivyo miaka, na mvujo wao ulikuwa wa VPN. Anza na draiva ya kadi ya mtandao kutoka kwa mtengenezaji, Ndu iwe ya pili, na pima kabla na baada kama swali la 8.

12. Antivairasi na VPN zinahusikaje?

Zote zinaweka draiva zinazopitiwa na kila faili au kila pakiti, kwa hiyo kosa dogo la baiti mia linajirudia mara milioni kwa siku. Andika `fltmc` kwenye Command Prompt ya administrator uone nani amejipachika kwenye mafaili, wengine wanakuta mabaki ya antivairasi waliyodhani waliitoa mwaka juzi. Kuizima kwa kubonyeza "Disable" hakutoshi, draiva inabaki imepakiwa. Itoe kabisa, restati, pima. Na antivairasi mbili kwa pamoja, jamani, hapana.

13. Driver Verifier ni salama?

Ni zana ya Windows yenyewe, kazi yake ni kuibana draiva mpaka ikosee hadharani, yaani inakuletea skrini ya bluu makusudi (0xC4 ndiyo yake). Kwa hiyo weka restore point kwanza, chagua draiva unazozishuku tu na zisizo za Microsoft, usiwashe kwa zote. Ikikwama kwenye mzunguko wa kurestati ingia Safe Mode uandike `verifier /reset`. Kama poolmon imeshakupa jina huihitaji. Na usiiwashe kwenye mashine ya mauzo siku ya mwisho wa mwezi.

14. Inaganda usiku mimi nimelala, asubuhi naikuta imekufa. Nasomaje ilichokuwa nacho?

Weka Windows iandike dampu ya kerneli, yaani nakala ya memori yake wakati inaanguka: System, Advanced, Startup and Recovery, chagua "Kernel memory dump" au "Automatic memory dump". Dampu ndogo ile ya kwenye folda ya Minidump haibebi takwimu za pool, haitakusaidia hapa. Faili litakuwa `C:\Windows\MEMORY.DMP`, lifungue na WinDbg (zana ya debagi ya Microsoft), andika `!vm` uone jumla, halafu `!poolused 2` ipange tagi kwa non-paged au `!poolused 4` kwa paged. Kuanzia hapo ni kama swali la 9.

Kama inaganda bila bluu, unaweza kuilazimisha ianguke. Kwenye `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\kbdhid\Parameters` tengeneza DWORD inaitwa CrashOnCtrlScroll yenye thamani 1 (kibodi ya USB, ya PS/2 ni i8042prt badala ya kbdhid), restati. Siku ikiganda, shikilia Ctrl ya kulia ubonyeze Scroll Lock mara mbili. Laptop zisizo na Scroll Lock, chomeka kibodi ya nje.

## Linux

15. Nianzie wapi?

`grep -E 'MemAvailable|Slab|SReclaimable|SUnreclaim|KernelStack|PageTables|Percpu|Shmem' /proc/meminfo`

Mstari wa kuangalia kwanza ni SUnreclaim, hiyo ni memori ya kerneli isiyoweza kurudishwa hata mfumo ukibanwa. Ikiwa kubwa na inapanda nenda swali la 17. SReclaimable ikiwa ndiyo kubwa nenda la 16. PageTables kubwa, la 19. KernelStack kubwa maana yake kuna thredi nyingi kupita kiasi, kila thredi kwenye x86 ya biti 64 inachukua KB 16 za kerneli, thredi 10,000 ni kama MB 156, sio mwisho wa dunia lakini inakuonyesha kuna programu inazaa bila mpango.

Shmem sio ya kerneli lakini nimeiweka kwa sababu inawadanganya wengi: mtu ameandika mafaili kwenye /dev/shm au /tmp iliyo tmpfs, RAM imekwisha, hakuna prosesi inayoonekana kula. `df -h -t tmpfs` inamaliza huo ubishi.

16. slabtop inaonyesha dentry na ext4_inode_cache zimekula GB 5, ni mvujo?

Karibu kila mara sio. slabtop inaonyesha slab, yaani makapu ambamo kerneli inaweka vitu vyake vidogo. Hizo mbili ni kache za majina na taarifa za mafaili, backup au `find` ikipita kwenye mafaili milioni zinajaa, na kerneli inazirudisha ikihitaji. Kama unataka kuhakikisha, `sync; echo 2 > /proc/sys/vm/drop_caches` kama root, zikishuka zilikuwa kache tu. Ila usiiweke hiyo kwenye cron (ratiba ya amri zinazojiendesha) kila saa kama wengine wanavyofanya, unaifanya seva isome diski upya bure na tatizo la kweli linabaki limejificha.

Zisiposhuka, kuna kitu kimezishikilia. Angalia mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamefunguliwa: `lsof +L1`.

17. Kubwa ni kmalloc-192 au kmalloc-64. Hilo jina halisemi kitu!

Ni kweli, hayo ni makapu ya jumla ya kila mwenye kuomba saizi hiyo. Kabla ya debagi nzito fanya ya bei rahisi. Kerneli imebadilika lini? Rudi kwenye ya zamani kupitia menyu ya GRUB, ikaenda muda ule ule bila kupanda umepata jibu. Kuna moduli za nje? `cat /proc/sys/kernel/tainted` ikitoa namba isiyo 0 angalia `lsmod` utafute draiva ya grafiki, ya WiFi uliyokompaili mwenyewe, wakala wa usalama wa kampuni. Hizo ndizo washukiwa wangu wa kwanza siku zote.

Ikishindikana, washa mashine na `slab_nomerge slub_debug=U` kwenye mstari wa kerneli. Ya kwanza inazuia makapu yanayofanana yasichanganywe, ya pili inaandika nani aliomba, na utasoma kwenye `/sys/kernel/debug/slab/kmalloc-192/alloc_traces` (kerneli za zamani ni `/sys/kernel/slab/kmalloc-192/alloc_calls`). Itakuwa nzito kidogo. Kama kerneli yako imejengwa na kmemleak, kitafuta mivujo kilichoingia tangu toleo la 2.6.31, andika `echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak`, subiri, kisha `cat` faili hilo hilo.

18. OOM killer inaniulia MySQL kila usiku, lakini MySQL haili sana. Inakuwaje?

OOM killer, yaani sehemu ya kerneli inayoua programu memori ikiisha, inaweza kuua prosesi tu, haiwezi kuua draiva. Kerneli ikila GB 6 kati ya 8, mkubwa anayebaki kwenye prosesi ni MySQL, anauawa yeye. Soma ripoti kwenye `dmesg`, sehemu ya Mem-Info tafuta `slab_unreclaimable:`, namba ile ni kurasa za KB 4. Ikiwa 1500000 hiyo ni kama GB 5.7, na ukijumlisha rss (RAM inayoshikwa na kila prosesi) za prosesi zote unakuta hata GB 2 hazifiki. Hapo acha kupunguza bafa za MySQL, rudi swali la 17.

Kuweka oom_score_adj ya MySQL kuwa -1000 (yaani asiguswe) inahamisha msiba tu, atauawa mwingine. Na wakiisha wote wa kuuawa unapata "Kernel panic - not syncing: System is deadlocked on memory", ndiyo mwisho wa njia.

19. PageTables imefika GB 8, hiyo ni bugu?

Mara nyingi ni hesabu tu. Kila ukurasa wa KB 4 unaoguswa na prosesi unahitaji baiti 8 za ramani. Hifadhidata yenye memori ya pamoja ya GB 8 ina kurasa 2,097,152, yaani MB 16 za ramani *kwa kila prosesi* iliyozigusa zote. Weka koneksheni 500 za PostgreSQL umefika GB 8 za ramani peke yake, sawa na data yenyewe. Washa huge pages (kurasa kubwa) za MB 2 na uweke pgbouncer, programu inayogawana koneksheni, mbele ipunguze koneksheni. Hapa ndipo hata RAM zaidi ina maana, ila huge pages ni bure.

20. "page allocation failure: order:4" na free inaonyesha memori ipo kibao?

Order 4 ni kurasa 16 zilizofuatana, KB 64 mfululizo. Memori ipo ila imekatika vipande vipande. `cat /proc/buddyinfo` utaona namba za kushoto kubwa na za kulia sifuri. `echo 1 > /proc/sys/vm/compact_memory` inapanga upya kwa muda, na kupandisha `vm.min_free_kbytes` kiasi kunasaidia. Mara nyingi haiangushi mashine, inadondosha pakiti tu.

21. Ni VPS ndogo ya GB 1, kdump inakula memori yenyewe. Nitarekodi vipi?

Kdump, inayorekodi dampu Linux ikianguka, inatenga memori pembeni kwa `crashkernel=`, kwa GB 1 kweli inauma. Weka hii kwenye faili ndani ya /etc/cron.d:

`*/5 * * * * root (date; grep -E 'Slab|SUnreclaim|PageTables|KernelStack' /proc/meminfo; slabtop -o -s c | head -15) >> /var/log/kmem.log`

Ikifa, mistari ya mwisho itakuonyesha nani alikuwa anapanda. Ongeza `kernel.panic=10` kwenye sysctl ili ikipata panic ijirestati baada ya sekunde 10, usiamshwe usiku.

Kama VPS yako ni ya OpenVZ ya zamani, kerneli ni ya mwenye seva, wewe ni mpangaji. Angalia `/proc/user_beancounters`, mstari wa kmemsize, safu ya failcnt: ikipanda umefika kikomo alichokuwekea, muandikie yeye.

## Kesi za pembeni

22. Nina mashine ya biti 32 yenye RAM nyingi na bado inaishiwa. Kwa nini?

Kwa sababu kikomo ni anwani, sio RAM. Windows XP ya biti 32 non-paged pool inaishia MB 256, na ukiwasha ile /3GB kwenye boot.ini inashuka hadi MB 128, kwa hiyo waliowasha ili programu ipumue waliikaba kerneli. Linux ya biti 32 kwenye x86 kwa mpangilio wa kawaida inashughulika moja kwa moja na MB 896 tu za mwanzo, ukiweka GB 16 hata orodha ya kuzisimamia hizo kurasa inakula humo humo, OOM inapiga huku GB 10 ziko wazi. Hamia biti 64, hakuna kutuni kutakakokuokoa.

23. FreeBSD inasema "kmem_map too small", au pfSense inasema nmbclusters limit reached.

Ya kwanza ni ya enzi za ZFS (mfumo wa mafaili) changa kwenye FreeBSD 7, hasa i386. Dawa ilikuwa `vm.kmem_size` na `vfs.zfs.arc_max` kwenye /boot/loader.conf. Ukiiona leo unatumia toleo la kale, apdeti. Ya pili, kwenye pfSense (faiwoli iliyojengwa juu ya FreeBSD), ni bafa za mtandao: `netstat -m` uone kama zimefika kikomo, pandisha `kern.ipc.nmbclusters`. Ikijaa tena baada ya kupandisha, ni draiva ya kadi inavuja, na `vmstat -z` itakuonyesha.

24. MacBook imeandika panic "zone map exhausted".

Ripoti yenyewe inataja zone (fungu la memori ya kerneli ya Mac) iliyojaa, soma mstari mzima kabla hujaupeleka dukani. Kabla haijafa tena endesha `sudo zprint` mara mbili tatu kwa siku ulinganishe. Kisha toa programu zenye kernel extension au system extension, moja baada ya nyingine, na apdeti macOS.

25. Nimepima kila kitu, pool ndogo, slab ndogo, prosesi ndogo, na bado GB 6 hazionekani ziko wapi!

Ni mashine pepe? Basi huenda mwenye mashine mama anazichukua kupitia baluni, draiva inayoshika RAM ndani ya mashine yako ili apewe jirani. Windows fungua RAMMap ya Sysinternals uangalie "Driver Locked", ikiwa kubwa ndiyo hiyo. Linux angalia `lsmod | grep -i balloon`. Memori hiyo haihesabiwi kwenye pool wala slab, poolmon haitaiona kamwe, na hakuna utakachofanya ndani ya mashine kikaleta tofauti. Anayeweza kukurudishia ni msimamizi wa VMware, Hyper-V au KVM, muombe akuwekee kiasi cha memori kisichoguswa.

Kama sio mashine pepe na Driver Locked bado kubwa, angalia kama umewasha Hyper-V wewe mwenyewe na kuna mashine pepe inaendesha kimya kimya, memori yake inaonekana hapo hapo.